BARUA ZA KUVULIA WATU: WANAFUNZI WETU NA WEZI WA BARUA-PEPE



Mpakizi wa bandari ya Kismayu, au mvuvi wa Koyama na Chovai anayeleta kamba mawe mjini kuuza, akiwa na mtoto chuoni huwa amebeba mzigo ambao sote tunaujua. Karo yake haitoki katika akiba. Inatoka katika ujira wa mwezi huu, katika deni la dukani, na mara nyingi katika kile anachotuma ndugu aliyeko Mombasa, Uingereza au Ghuba. Fedha hizo siku hizi hazipiti mkononi, zinapita katika simu. Na habari za chuo, yaani tarehe za mtihani, matangazo ya karo na matokeo, hazibandikwi ubaoni tu kama zamani, bali huletwa pia kwa barua-pepe. Basi mwizi naye amehamia huko huko.

Tunaandika makala hii kwa ajili ya wazazi na wanafunzi pamoja. Mzazi asiseme kwamba mambo ya kompyuta ni ya vijana, kwa sababu fedha inayoibwa ni yake.

Wazungu wameupa wizi huu jina linalotokana na uvuvi. Jina hilo lilianza kusikika Marekani katikati ya miaka ya 1990, wakati wezi walipokuwa wakiwaandikia wateja wa kampuni ya America Online, wakijifanya ni watumishi wa kampuni, na kuwataka wataje maneno yao ya siri. Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufunzwa maana yake. Barua ndiyo chambo. Ndani yake mna kiungo cha kubonyeza, au faili la kufungua, au namba ya kulipia, na hiyo ndiyo ndoana.

Wizi wenyewe si mpya. Katika karne ya 19 watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wakipokea barua zinazodai kutoka Hispania, za mtu anayesema kuna tajiri amefungwa gerezani na inatakiwa fedha kidogo ya kumkomboa, naye atakayetoa atagawiwa hazina. Kilichobadilika ni gharama. Barua ya posta ilitaka karatasi na stempu kwa kila mtu mmoja. Barua-pepe elfu kumi hutumwa kwa dakika chache na karibu bure. Kwa hiyo mwizi hahitaji wajinga wengi. Katika watu elfu kumi akimpata mmoja tu ambaye siku hiyo amechoka, ana haraka, au ana shida ya fedha, amekwisha kula. Tunasema hivi mapema ili ieleweke kwamba anayenaswa si lazima awe mjinga. Mara nyingi ni mtu aliyefikiwa na barua katika saa mbaya.

Katika Somalia jambo hili lina uzito wa pekee. Benki ya Dunia ilieleza mwaka 2018 kwamba kiasi cha asilimia 73 ya watu wa nchi hiyo wenye umri wa miaka 16 na zaidi walikuwa wakitumia fedha za simu, na kwamba kila mwezi ilifanyika miamala ipatayo milioni 155 yenye thamani ya dola bilioni 2.7. Nchi nzima inabeba mkoba wake ndani ya simu, na kufuli la mkoba huo ni namba fupi ya siri. Mwanafunzi anasoma barua za chuo katika simu ile ile ambayo baba yake anaitumia kutuma karo. Mlango mmoja ukivunjwa, wa pili uko karibu.

CHAMBO CHENYEWE

Barua ya kwanza, ambayo imeenea katika vyuo vya dunia nzima, haimwombi mtu fedha hata kidogo. Husema kwa maneno ya namna hii: “Ndugu mwanafunzi, sanduku lako la barua limejaa. Litafungwa baada ya saa 24. Bonyeza hapa uthibitishe jina lako na neno lako la siri.” Juu pana nembo ya chuo, chini pana jina la ofisi ya kompyuta. Mwanafunzi akibonyeza hupelekwa kwenye ukurasa unaofanana kabisa na ule wa chuo chake. Anaandika jina, anaandika neno la siri, halafu anapelekwa kwenye ukurasa wa kweli wa chuo, na mambo yote yanaonekana sawa. Hajui kwamba neno lake la siri limeandikwa mahali pengine. Anaendelea na masomo yake kwa wiki nzima kabla ya kuona dalili yoyote.

Barua ya pili hulenga haja. Wakati wa kulipa karo huja tangazo kwamba akaunti ya chuo imebadilika, lipeni kwa namba hii mpya, na atakayechelewa hataingia mtihani. Au huja habari njema ya msaada wa masomo. Vijana wengi wa Somalia wamekwenda kusoma Uturuki, na wezi wanalijua hilo, hivyo huandika kwa jina la serikali ya Uturuki kwamba umechaguliwa, bado ada ya kushughulikia faili tu. Ifahamike kwamba mpango wa serikali ya Uturuki wa kusomesha wageni, Türkiye Bursları, hautozi ada ya maombi. Anayedai ada kwa jina lake ni mwizi, hata kama anadai dola kumi tu.

Barua ya tatu ni ya kazi. Kijana wa pwani anayetaka kuwa baharia huandikiwa kwamba meli fulani inamngoja, mkataba uko tayari, atume fedha ya viza na ya wakala. Hapa wafanyakazi wana sheria ya kushikilia. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, uliotungwa na Shirika la Kazi Duniani na kuanza kutumika mwaka 2013, unakataza baharia kutozwa malipo ya kutafutiwa kazi. Gharama anazoweza kubebeshwa ni za cheti cha afya kinachotakiwa na sheria, kitabu cha ubaharia, na pasi ya kusafiria, tena bila viza. Umoja wa Mataifa nao hautozi mtu anayeomba kazi kwake malipo yoyote, katika hatua yoyote.

Wenzetu Wabajuni waliokimbilia Kenya tangu vita vya 1991 wanaijua aina ya nne. Ni barua inayojidai kutoka Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, kwamba jina lako limo katika orodha ya kuhamishiwa Ulaya au Marekani, ila faili lako limekwama. Shirika hilo limetangaza mara nyingi kwamba huduma zake zote ni za bure, na kuhamishwa pia ni bure. Aliyeuza kitanda chake ili “akwamue faili” hana alichokwamua. Tunalisema kwa uchungu, maana huu ndio unyonyaji mbaya kuliko wote: mtu kunyonywa kwa tumaini lake la mwisho.

Ndugu msomaji ataona kwamba barua hizi nne hazifanani kwa maneno, lakini zinafanana kwa mwendo. Kila moja inakuharakisha. Kila moja inakutaka ufanye jambo papo hapo, kupitia njia waliyokuwekea wao. Nyingi hukutaka pia ukae kimya, usimwambie mtu. Ofisi ya kweli inaweza kukuharakisha, ndiyo, karani wa karo ana tarehe zake. Lakini ofisi ya kweli haikasiriki ukisema: ngoja nije nikuulize mwenyewe.

KUSOMA ANWANI

Zamani tulikuwa tukiwaambia watu waangalie makosa ya lugha. Barua iliyojaa makosa ilikuwa dalili ya mwizi. Ushauri huo umechakaa. Tangu mwisho wa mwaka 2022 zilipoenea programu za kompyuta zinazotunga maandishi, mwizi yeyote anaweza kupata Kiingereza safi, Kisomali safi, na Kiswahili cha kutosha. Barua nzuri si ushahidi wa kitu chochote tena. Nembo nayo hunakiliwa kwa sekunde moja.

Kinachobaki ni anwani. Jina linaloonekana juu ya barua, kama “Ofisi ya Karo”, huandikwa na mtumaji apendavyo, ni sawa na mtu kujiita shehe. Yafaa ufungue uone anwani yenyewe iliyo nyuma ya jina hilo. Na kabla ya kubonyeza kiungo, katika simu kishikilie kwa kidole bila kukiachia, nacho kitakuonyesha kinakokwenda.

Anwani ya intaneti ina siri moja ambayo watu wetu wataielewa upesi: ukitaka kumjua mwenyewe, isome kutoka kulia, kama tusomavyo maandishi ya Kiarabu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba chuo kinatumia chuo.edu.so. Herufi mbili za mwisho, so, ni za Somalia, edu ni alama ya elimu, na chuo ni jina la mwenyewe. Sasa mwizi anaandika chuo.edu.so.karo-haraka.com. Asomaye kutoka kushoto anaona jina la chuo chake na kuridhika. Asomaye kutoka kulia anaona com, kisha karo-haraka, na huyo karo-haraka ndiye mwenye nyumba. Maneno ya chuo yaliyotangulia ni rangi ya mlango tu. Ikiwa anwani ina mkwaju, yaani mstari wa kulala kama huu /, anza kusoma kutoka mkwaju wa kwanza unaofuata jina, ukirudi kushoto. Yaliyo baada ya mkwaju hayamtambulishi mtu.

Wengine huuliza juu ya ile alama ya kufuli inayotokea pembeni mwa anwani. Kufuli lile lina maana kwamba mazungumzo kati yako na ukurasa huo hayasikilizwi njiani na mtu wa tatu. Halisemi uliyeko naye ni nani. Mwizi naye anaweza kuwa na kufuli, na siku hizi mara nyingi analo.

Mzee asiyesoma Kiingereza asione haya mbele ya mwanawe. Amwambie mtoto asome barua kwa sauti, halafu amwulize neno moja: wanataka nini? Wakitaka neno la siri, namba ya siri, zile tarakimu zinazoletwa kwa ujumbe wa simu, au fedha, mzee amekwisha kuisoma barua nzima.

MWIZI ANAYEKUJA KWA JINA LA RAFIKI

Kuna hali moja ambapo kusoma anwani hakusaidii, nayo inataka maelezo zaidi. Wabajuni wana uvuvi wao wa kasa unaojulikana tangu zamani. Mvuvi humchukua samaki mwenye kunata kichwani, aitwaye taza, humfunga kamba mkiani na kumwachia majini karibu na kasa. Taza hujibandika kwenye gamba la kasa, na mvuvi huvuta kamba. Kasa hamwogopi taza, kwa kuwa amemzoea.

Ndivyo mwizi anavyolitumia sanduku la barua aliloliiba kwa mwanafunzi wa kwanza. Halili mara moja. Anaingia kimya, anasoma barua za zamani, anajua ni nani anaandikiana na nani na kwa lugha gani. Halafu anawaandikia wengine kutoka katika anwani ile ile ya kweli: mwalimu, karani wa karo, mjomba aliyeko ng'ambo. “Mjomba, karo imepanda, nitumie kwa namba hii, simu yangu imeharibika.” Anwani ni ya kweli, jina ni la kweli, habari za nyumbani ni za kweli. Kamba iliyofungwa mkiani haionekani.

Jambo hili si la watu maskini peke yao. Katika mji wa Edmonton, Canada, kuna chuo kikuu kiitwacho MacEwan. Mwaka 2017 watumishi wa chuo hicho walipokea barua-pepe zilizoonekana kutoka kwa kampuni kubwa inayofanya kazi na chuo, zikisema akaunti ya benki ya kampuni imebadilika. Akaunti ikabadilishwa katika vitabu, na malipo matatu yakapelekwa, jumla yake dola za Canada milioni 11.8. Hakuna aliyegundua mpaka kampuni ya kweli ilipouliza kwa nini haijalipwa. Kwa bahati fedha nyingi zilifuatiliwa na kurudishwa. Chuo chenyewe kilitangaza kwamba utaratibu wake wa kuhakikisha mabadiliko ya akaunti haukutosha. Simu moja kwa kampuni, kwa namba iliyokuwa imo ofisini tangu zamani, ingetosha kuzuia wizi ule.

Hapa ndipo ilipo dawa. Ujumbe wowote unaohusu fedha au neno la siri, hata ukitoka kwa mwanao, jibu lake lisipite katika njia uliyoletewa. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo kabla ya ujumbe huo. Namba iliyoandikwa ndani ya barua haifai, maana atakayepokea ni yule yule. Kama simu haipatikani, ngoja, au tuma mtu aende kwa miguu mpaka ofisi ya karo. Familia zilizotawanyika kati ya Kismayu, Lamu, Mombasa na Ulaya zaweza pia kupatana swali la nyumbani, kwa mfano jina la jahazi la babu, ambalo halimo katika barua yoyote. Wapo wanaoona jambo hili la kitoto. Sisi twaliona zuri, tena halina gharama.

UKIISHA KUNASWA

Mtu akiisha kuandika neno lake la siri mahali pabaya, saa ya kwanza ndiyo yenye thamani. Aende kwenye ukurasa wa kweli wa chuo kwa kuiandika anwani mwenyewe, abadilishe neno la siri, na achague kutoa vyombo vyote vilivyoingia katika sanduku lake. Kama alitumia neno hilo hilo mahali pengine, na wengi wetu hufanya hivyo, alibadilishe huko pia. Kisha afanye jambo ambalo watu wengi hulisahau: afungue mipangilio ya sanduku lake aangalie kama kuna amri ya kupeleka nakala za barua kwa anwani ya mtu mwingine, au ya kuficha barua za aina fulani. Wezi hupenda kuacha amri hiyo nyuma yao. Hata neno la siri likibadilishwa, barua huendelea kuvuja kama chombo kisichokalafatiwa. Aangalie pia kama namba ya simu ya kurejeshea akaunti bado ni yake.

Akimaliza, au huku akiendelea, aiambie ofisi ya kompyuta ya chuo, na awaambie jamaa wote walio katika orodha ya barua zake. Barua ya mwizi asiijibu, wala asiifute kabla ya kuionyesha, maana ndani yake mna alama za njia iliyopita.

Kama ni fedha ya simu iliyotoka, apige simu kwa kampuni papo hapo kwa namba yake rasmi, kabla ya kulia na kabla ya kumtafuta mwizi. Fedha ikiwa bado imo katika akaunti ya mwizi pengine itazuiwa. Ikiisha kutolewa kwa wakala, kazi huwa ngumu mno. Kwa walio Kenya, ujumbe wa kitapeli unaofika kwa laini ya Safaricom hupelekwa bure kwa namba 333. Kwa walio Tanzania, namba ya tapeli hupelekwa kwa 15040. Kenya ilipopitisha sheria yake ya makosa ya kompyuta mwaka 2018, iliutaja wizi huu waziwazi na kuuwekea adhabu ya faini isiyozidi shilingi 300,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Somalia nayo ilipata sheria yake ya kulinda habari za watu mwaka 2023. Hata hivyo, mwezi Novemba 2025 Ubalozi wa Marekani ulitangaza habari kwamba mfumo wa serikali wa viza kwa njia ya intaneti ulivunjwa, na kwamba habari za watu wasiopungua 35,000 huenda zilifichuka. Aliyeomba viza hiyo atarajie barua zitakazotaja jina lake kamili na tarehe yake ya kuzaliwa, na asichukue kujulikana huko kuwa ni ushahidi wa ukweli.

Limebaki neno kwa waajiri na wakuu wa vyuo. Karani aliyebonyeza kiungo kibaya, akijua atakatwa mshahara au kufukuzwa, atanyamaza. Atabadilisha neno lake la siri usiku, kimya kimya, na kuomba Mungu yasizuke, wakati mwizi anazidi kusoma barua za ofisi nzima. Mwanafunzi anayeogopa kudhihakiwa mbele ya darasa atafanya vivyo hivyo, na binti anayeogopa kwamba baba atamwachisha chuo atanyamaza zaidi ya wote. Kwa hiyo tunadai kwamba mtumishi anayetoa habari ya kunaswa siku ile ile asiadhibiwe wala asilipishwe, na kwamba mabadiliko ya akaunti yoyote ya malipo yatiwe sahihi na watu wawili, mmoja wao akiwa amepiga simu na kuandika alizungumza na nani na saa ngapi. Kumbebesha hasara mtu mmoja mwenye mshahara mdogo, katika ofisi isiyo na utaratibu, ni kuficha kosa la mwenye ofisi.

Na kila tawi tunaliomba lichukue namba za simu za ofisi ya karo ya kila chuo wanakosoma watoto wa wanachama wake. Zichukuliwe ofisini kwenyewe, na mtu aliyekwenda kwa miguu, ziandikwe kwa herufi kubwa, zibandikwe karibu na mlango ambapo watu hupokea ujira.